Jani Lililogeuka Upanga: Historia ya Neno "Blade" na Safari ya Panga Letu

Makala haya hayana nia ya kumfundisha mtu Kiingereza. Kazi hiyo ina wenyewe, na wanalipwa. Nia yangu ni kulifuatilia neno moja tu la lugha hiyo, neno "blade", ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunakutana nalo kila tunapofungua Shakespeare au tunapopewa zoezi la tafsiri. Kila mara tunaliandikia "makali", kisha tunaendelea na safari kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nadai kimetokea kitu. Nadai pia kwamba historia ya neno hili inatuhusu kuliko tunavyodhani, maana mambo yaliyolipata kwa karne kadhaa huko kwao yalilipata neno letu moja, "panga", kwa miaka michache tu.

Tuanze na kamusi. Ukifungua kamusi za Kiingereza zilizotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa kigeni, maana ya kwanza utakayoikuta ni ile sehemu bapa ya kisu au chombo yenye makali ya kukatia. Chini yake utaambiwa kwamba neno hilo hutumika pia kwa bapa la kasia, kwa mabawa ya feni na kwa jani jembamba la nyasi. Msomaji anatoka pale akiamini kwamba jani limeazima jina kwa kisu. Sasa chukua ile kamusi kubwa ya Oxford, ambayo huzipanga maana za neno kwa umri wake. Mambo yanapinduka: jani ndilo la kwanza. Kisu ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni, kisha akamsukuma mwenye nyumba hadi uani.

Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormandi hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, neno lilikuwa "blæd", na maana yake ilikuwa jani. Wataalamu wa lugha wanalihusisha na mzizi wa kale sana wenye maana ya kuchipua na kuchanua. Ndugu yake wa Kijerumani, "Blatt", yu hai hadi leo na bado ni jani. Ila Wajerumani wamempa kazi nyingine pia, akawa karatasi, akawa gazeti, akawa bapa la msumeno. Na kabla hatujawacheka Wajerumani kwa kusoma majani, tukumbuke kwamba sisi wenyewe tuna neno "waraka", tulilolipata kwa Waarabu, na kwa Waarabu "waraqa" ni jani na ni karatasi. Kila waraka unaobandikwa kwenye ubao wa matangazo kutukumbusha ada ni jani.

Basi kama "blæd" lilikuwa jani, hao Waingereza wa kale upanga waliuitaje? Walikuwa na majina tele, kama ilivyo kwa watu wowote wanaopigana sana, lakini moja linanivutia zaidi: "ecg". Katika utenzi wa Beowulf, mtunzi anaposema "ecg" mara nyingi anamaanisha upanga mzima, ingawa neno lenyewe ni makali, ule ukingo unaokata. Yaani walifanya kama tunavyofanya sisi. Kiswahili hakikuita makali kwa umbo la kitu, kimeyaita kwa tabia yake. Mzizi ni ule ule wa mbwa mkali, jua kali, dawa kali, mkali wa hesabu. Tunaposema makali ya njaa hatuhitaji kuona kisu chochote, ukali wenyewe unatosha. Kiingereza cha baadaye kilichagua njia nyingine, njia ya umbo. Kilikitazama kitu bapa, chembamba, kilichochongoka mwishoni, kikasema: hili ni jani.

Na hapo katikati palikuwa na daraja. Jani halikuruka moja kwa moja kutoka mtini hadi kwenye ala. Kwanza lilipita mtoni: bapa la kasia liliitwa jani tangu zama zile za Kiingereza cha kale, na ukilitazama kasia utaona kwa nini. Baadaye likafika mgongoni, kwenye ule mfupa mpana wa bega. (Sisi mfupa huo tumeuita kombe la bega, yaani tuliuona tukafikiria chakula. Kila jamii na mawazo yake.) Hadi hapa hakuna damu wala vita, ni umbo tu. Ndiyo sababu hata wanafonetiki wetu wanasema bapa la ulimi bila kumtisha mtu.

Upanga unaingia katika karne ya 14, na hapa ndipo fasihi inapotusaidia kuliko kamusi. Katika dibaji ya Hadithi za Canterbury, ambazo Geoffrey Chaucer alianza kuziandika mnamo mwaka 1387, yumo msafiri mmoja anayeitwa Reeve. Huyu ni msimamizi wa shamba la bwana mkubwa; kwa lugha yetu ya mashamba ya mkonge tungemwita nyapara. Anajua mbegu, mvua na mifugo, anajua hila za kila mkulima aliye chini yake, na wakulima wanamwogopa kama kifo. Chaucer anamvisha silaha ubavuni na kuiita kwa neno letu hili, "blade", tena anasema ina kutu. Sikumbuki kuona mhakiki wa darasani kwetu akisimama hapo, na mimi naomba tusimame. Neno lililokuwa la mmea limehama, na limehamia ubavuni mwa nani? Si kwa shujaa wala kwa mfalme. Limehamia kwa mtu anayesimama kati ya mwenye ardhi na wanaoilima. Kutu ile inasema kwamba upanga hautumiki mara kwa mara. Hauhitaji kutumika, kuonekana kunatosha.

Kufikia miaka ya 1590 neno limepanda cheo tena, limekuwa mtu. Kijana mtanashati, mwenye maneno mengi na upanga kiunoni, aliitwa "blade" katika mitaa ya London, na Shakespeare anamtumia Mercutio katika Romeo na Juliet kuwadhihaki wanaosifiana hivyo. Vijana wetu leo wanaitana "mkali" kwa moyo ule ule, kwa hiyo tusiwashangae sana.

Lakini pa kukaa ni Macbeth, tamthilia iliyoandikwa mnamo 1606, na ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968. Humo neno hili linaonekana katika nafasi tatu ambazo lazima zisomwe pamoja. Katika tendo la pili Macbeth anaona jambia hewani, na baada ya kulitazama anaona damu kwenye "blade" na kwenye mpini. Katika tendo la nne anawaendea wachawi na kuwaapiza wamjibu, hata kama majibu yatagharimu nafaka changa kuangushwa shambani. Na nafaka hiyo changa anaiita kwa neno lililotokana na "blade" lile lile, nafaka iliyotoa majani. Katika tendo la tano anamwambia Macduff akaishushe "blade" yake juu ya vichwa vinavyoweza kudhurika, si juu yake. Jambia, nafaka, upanga. Hapo katikati, mtu aliyeua kwa jani la chuma yu tayari kuangamiza jani la shamba la nchi nzima ili apate kujua hatima yake tu. Mfalme aliyeua mgeni wake sasa anawanyima raia chakula, na Shakespeare analisema hilo kwa kurudia neno moja.

Sasa mfasiri wa Kiswahili afanyeje? Akiandika "makali" pale kwenye jambia, kwa maoni yangu ameshakosea mara mbili. Kwanza, matone ya damu hayakai kwenye makali, yanakaa kwenye bapa. Neno zuri tunalo, nalo ni "kengee", na kengee na mpini ni jozi inayoeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika kisu. Pili, ukishasema makali umeifunga njia ya kwenda shambani, maana hakuna nafaka yenye makali ya namna hiyo. Lakini kengee nayo haifiki shambani. Hatuna neno moja la kubeba mizigo yote miwili. Tulicho nacho ni kitu kingine. Shakespeare anaposema nafaka iangushwe na upepo, anatumia kitenzi chenye maana ya kulazwa, na mkulima yeyote wa mpunga, Kilombero au Kyela, atakwambia hivyo hivyo: mpunga umelala. Tena mtu aliyeuawa kwa jambia usiku, alikuwa amelala. Mfasiri akilishika hilo la kulala anaweza kuunganisha chumba cha Duncan na shamba kwa kitenzi badala ya nomino. Uhusiano unapotea mahali pamoja na kupatikana pengine. Hii ndiyo maana ya kutafsiri, na hapa naomba walimu wangu waniruhusu kutokukubaliana na msemo wa kwamba Kiswahili "hakitoshi" kwa Shakespeare.

Mfano mwingine wa haraka. Katika Injili ya Marko, sura ya 4, kuna mfano wa mbegu inayoota yenyewe. Kigiriki kinasema kwanza hutoka "chortos", yaani majani. Wafuasi wa Wycliffe katika karne ya 14 waliandika nyasi. William Tyndale, katika tafsiri aliyoichapa mwaka 1526, aliandika "blade", na tafsiri ya Mfalme James ya 1611 ikamfuata. Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, inasema jani. Kiswahili kimefika kwenye maana ya kwanza kabisa ya "blæd" bila hata kupita kwenye upanga. Na kwa wale wanaopenda Wamarekani: Walt Whitman, mwaka 1855, alikiita kitabu chake Leaves of Grass, akaliacha neno la kawaida la jani la nyasi, ambalo ni "blade", ili apate majani ya kitabu. Hata hivyo silaha ilimfuata, maana jani moja la nyasi humo ndani analiita mkuki. Sijui nani atakitafsiri kichwa hicho kwetu bila kuandika "Majani ya Majani".

Turudi kwenye chuma, maana maneno hayajitengenezi. Silaha na visu vinavyotajwa katika fasihi ya Kiingereza vilikuwa na mahali pa kuzaliwa, na mahali maarufu kuliko pote ni Sheffield. Ni Chaucer tena, katika hadithi anayoisimulia yule yule nyapara, anayempa msagaji kisu cha Sheffield na kukificha kwenye soksi. Mwaka 1624 Bunge liliunda chama cha mafundi visu wa eneo hilo, na mpaka leo timu ya Sheffield United, iliyoanzishwa mwaka 1889, inaitwa "Blades". Kazi iligawanywa: mmoja alifua, mwingine alinoa, wa tatu alitia mpini. Aliyenoa alikaa juu ya jiwe linalozunguka, ameinama, na vumbi la jiwe na la chuma likaingia mapafuni mwake. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha 1845 juu ya hali ya wafanyakazi wa Uingereza, anamnukuu daktari wa mji huo kwamba walionoa kwa jiwe kavu hawakufikisha kwa wastani miaka 35, na walionoa kwa jiwe lenye maji ilikuwa shida kuvuka 45. Wenzangu watasema nimeanza siasa. Sawa. Lakini tunapohakiki taswira ya upanga unaong'aa katika shairi la Kiingereza la karne ya 19, si vibaya kukumbuka mng'ao ule ulitolewa na nani, na kwa bei gani. Chuma kisichoshika kutu, ambacho Harry Brearley alikitengeneza mji huo huo mwaka 1913, kingemharibia Chaucer mstari wake.

Ng'ambo ya pili ya bahari ya Atlantiki, King Camp Gillette naye alilitenga jani na mpini wake moja kwa moja. Mwaka 1903 aliuza mashine 51 za kunyolea na nyembe 168. Tangu hapo "blade" ikawa kitu kinachonunuliwa peke yake, kinatumika, kinatupwa. Kwetu wembe ulibaki ule ule.

Nimefika sasa nilikokuwa naelekea. Tuna neno "upanga", silaha, wingi wake panga. Tuna neno "panga", wingi wake mapanga, na kwa jicho la sarufi hili ni kubwa la lile: unaondoa u- kama unavyotoka kwenye ufagio hadi fagio. Lakini tazama kilichotokea kwenye maana. Upanga ni wa vitani, wa hotuba na wa misahafu. Panga ni la shamba: linafyeka, linakata kuni, linamenya nazi na kupasua dafu, linachimba shimo la mgomba pale jembe linapokuwa mbali. Kwa hiyo Kiswahili kilishuka kutoka vitani kwenda shambani wakati Kiingereza kilikuwa kimepanda kutoka shambani kwenda vitani. (Hata pangaboi, hiyo feni ya darini, masikio yetu yanasikia mapanga yake yakizunguka, ingawa mimi nadhani jina lilitoka India, kwa "punkah", kipepeo cha kitambaa, na yule "boy" aliyeajiriwa kuivuta kamba yake.)

Kisha Kiingereza kikaliazima panga. Walowezi wa Kenya walilitumia kwa sababu hawakuwa na neno lao lililotosha, na kamusi za Kiingereza zinakiri kwamba limetoka kwetu. Lakini lilijulikana Uingereza kwenyewe baada ya Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari nchini Kenya. Ni mwaka ule ule Biblia yetu ilipoandika jani. Magazeti ya London yalimwonyesha msomaji wake Mau Mau akiwa na panga mkononi, na msomaji huyo hakuwahi kuliona likikata mgomba. Riwaya zikafuata, maarufu kati yake ikiwa ile ya Mmarekani Robert Ruark ya mwaka 1955. Kazi iliyochukua karne kadhaa kwa "blæd" ikamalizika kabla ya muongo kwisha.

Sisemi kwamba panga halikuua. Liliua Lari, Machi 1953, na walioangamia usiku ule walikuwa Wakikuyu, wa upande mmoja na baadaye wa upande mwingine katika kisasi. Na mwaka 1994, Rwanda, hakuna mwandishi wa kigeni aliyehitajika kuligeuza. Lilichukuliwa pale pale lilipokuwa limewekwa baada ya kazi ya shamba. Ninalouliza ni swali la mhakiki: chombo gani kinapewa jina na kipi kinaachwa? Raia wa Kizungu waliouawa na Mau Mau walikuwa 32. Watu walionyongwa na serikali ya kikoloni kwa makosa ya Mau Mau, kwa hesabu ya mwanahistoria David Anderson katika kitabu chake cha 2005, walikuwa 1,090. Panga likaingia katika kamusi ya Kiingereza kama neno la kutisha. Kamba ikabaki kamba.

Ndiyo maana zoezi gumu kuliko yote, kwangu mimi, si kutafsiri "blade" kwenda Kiswahili. Ni kutafsiri "panga" kutoka Kiingereza. Chukua riwaya yoyote ya walowezi, ukute sentensi inayosema mtumishi aliingia jikoni akiwa na "panga". Kwa herufi, huna la kutafsiri, neno limerudi nyumbani kama lilivyoondoka. Ila msomaji wa Kiingereza pale anashtuka, na msomaji wa Kiswahili anadhani kuni zimekwisha. Niliwapa wenzangu watatu wa mwaka wa pili sentensi ya namna hiyo. Mmoja aliandika "upanga", wa pili akaandika "panga" na kuongeza "kali", wa tatu akaliacha "panga" vile vile, na tukabishana hadi mlinzi alipokuja kufunga chumba. Mimi niko upande wa yule wa tatu. Aache "panga", na hofu aihamishie kwa yule mama wa Kizungu aliyekaa mezani, maana ndiye aliyekuwa nayo.